Nilimshusha cheo mzee wa watu mbele ya mkewe kwenye sherehe ya kazini, na aliyeumia zaidi ni mwingine

Wakuu, heshima kwenu. Wa rika langu nawapa mkono, na nyie wadogo nawaitikia marahaba kabla hamjaamkia, maana mvi zimeshanimaliza.

Huku jukwaani mimi ni msomaji tu, huwa sichangii. Leo naandika kwa sababu binti yangu amepewa umeneja kwenye kampuni moja hapo Dar, na juzi kanipigia simu: "Baba, Ijumaa tuna party ya kufunga mwaka, natakiwa kutoa speech. Nisemeje?"

Nikamwambia washukuru, wapongeze, kaa chini.

Akacheka. "Baba nawe, hayo tu?"

Simu ilipokatika nilikaa pale pale mpaka chai ikapoa. Sijawahi kumsimulia hii habari. Mama yake aliijua, na ameondoka nayo.

Nitaileta kama ilivyokuwa, bila kujisafisha. Majina nimebadilisha na kiwanda sikitaji, lakini yaliyotokea ndiyo haya.

Ilikuwa Morogoro, miaka ya sabini. Mimi kwetu Singida. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili, nimetoka kusoma, na nimepewa kiwanda cha umma cha kukamua mafuta. Alizeti na mbegu za pamba. Enzi hizo kijana ukiwa na cheti unapewa kiwanda kizima, maana wasomi walikuwa wa kuhesabu na viwanda ndiyo kwanza vimetaifishwa.

Nilikuwa na gari la ofisi, nyumba ya ofisi, na kila mtu ananiita Ndugu Meneja. Kichwa kikavimba. Sikujua kama kimevimba.

Msimamizi wa zamu pale, foromani, alikuwa Mzee Kibwana. Mluguru wa Mkuyuni, amepita hamsini, mtu wa swala tano, mfupi, anaongea kidogo. Alianza kazi pale enzi za Mgiriki aliyekijenga kiwanda. Hakusoma, lakini alikuwa anasikia ugonjwa wa mashine kwa sikio. Anasimama mlangoni, anainamisha kichwa, anasema, "Ile ya pili inakula bearing." Mkifungua, mnakuta kweli.

Chini yake kulikuwa na kijana anaitwa Alois, fundi mitambo, mtoto wa Mgeta juu kabisa. Alikuwa ametoka chuo cha ufundi. Alikuwa anamwita mzee "mjomba", ingawa hawakuwa ndugu wa damu. Waluguru, ambao ukoo wanaufuata kwa mama, wanajua uzito wa neno hilo. Mzee alimfundisha kila kitu ambacho chuoni hakikufundishwa, na mchana walikuwa wanakula pamoja, mmoja na msalaba shingoni, mwingine na kofia yake kichwani.

Sasa, wiki chache kabla ya ile sherehe, nilibanwa na makao makuu kuhusu uzalishaji. Nikashuka kiwandani nikaagiza mashine zikimbizwe siku nzima bila kusimama kwa usafi.

Mzee Kibwana akaniambia mbele ya zamu nzima, kwa upole tu: "Ndugu Meneja, hizi zikikosa kupumzika zinaua mtu. Mimi siziwashi hivyo."

Na hakuziwasha.

Hakunitukana. Alikuwa sahihi, na nilijua yuko sahihi. Lakini watu kama thelathini walikuwa wamesimama wananiangalia. Nikapanda ofisini nikiwa na kitu kimenikaa hapa kifuani, na nikakilea.

Sherehe ilifanyika Jumamosi mchana kwenye kantini ya kiwanda, siku chache kabla ya Krismasi. Wafanyakazi waliruhusiwa kuja na familia. Pilau, mbuzi watatu, soda za watoto, na bia ambazo zilipatikana kwa kibali baada ya kuzungushwa sana. Nje mvua inanyesha, mlima wote umezama kwenye mawingu, ndani joto na kelele.

Makao makuu walituma wakubwa wawili kutoka Dar. Nikakaa nao meza ya mbele. Nilitaka waone kwamba Morogoro wamepata meneja wa kisasa. Nikanywa bia, nikaongeza, kisha mmoja wao akatoa chupa ya kitu kikali kwenye mkoba, tukawekeana.

Mkuu mmoja atauliza kama nilikuwa nimelewa. Ndiyo, nilikuwa nimelewa. Lakini kila neno nililosema nilikuwa nimelipanga moyoni kabla. Pombe ilifungua mlango tu.

Nikasimama kutoa hotuba. Nilianza vizuri, nikamshukuru katibu wa chama, nikawashukuru akina mama waliopika. Watu wakapiga makofi. Makofi nayo yana ulevi wake.

Nikasema, "Tunaye hapa mzee wetu Kibwana. Alijifunza kazi kwa Mgiriki. Mgiriki kaondoka, uhuru umekuja, viwanda vimekuwa vyetu, lakini mzee bado anamsubiri Mgiriki wake arudi amruhusu kuwasha mashine!"

Kantini nzima ikacheka. Wakubwa wa Dar wakacheka mpaka mmoja akapiga meza.

Vijana mtaona ni utani mdogo. Kwa wakati ule ilikuwa ni kumwita mtu kibaraka, mbele ya katibu wa chama. Na angalieni nilivyokuwa mjanja: chama kilishasema viongozi wasiwe na majivuno, na wafanyakazi wa siku hizo walikuwa wakali kweli, meneja mwenye kiburi walikuwa wanamfungia geti. Mimi nikawapora silaha yao. Nilimfanya mzee ndiye aonekane adui wa ujamaa, na mimi ndiye mwanamapinduzi.

Ningeishia hapo pengine ningeomba radhi kesho yake. Sikuishia hapo.

"Kwa hiyo," nikasema, "kuanzia Januari, msimamizi wa zamu ni kijana wetu msomi, Ndugu Alois! Alois, simama watu wakuone!"

Sikuwa nimezungumza na mtu yeyote kuhusu hilo. Hakukuwa na barua wala kikao, na Alois mwenyewe sikuwahi kumgusia. Lilinitoka pale pale.

Alois hakusimama. Wenzake wakamwinua kwa makwapa huku wakishangilia. Alikuwa anamwangalia mzee, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekamatwa anaiba kitu ambacho hakukiiba.

Mzee Kibwana alikuwa amekaa na mkewe na binti yao aliyekuwa amekuja kutoka Mkuyuni na mtoto mgongoni. Mkewe alivuta khanga akajifunika mdomo. Mzee akaiweka sahani chini taratibu, akanawa mkono, akasimama. Watu wakamgeukia, wakidhani atajibu.

Akasema, "Nimesikia, Ndugu Meneja."

Akamshika mkewe mkono, binti nyuma yao, wakatoka kwenye mvua.

Muziki ukawashwa. Nikacheza, wakuu. Nilicheza na nilikuwa na furaha.

Tukarudi nyumbani kabla jua halijazama, mimi na mke wangu niliyekuwa nimekwenda naye. Tulipofika akaniambia: "Nenda kwa yule mzee sasa hivi. Nguo zako zikiwa hivyo hivyo, mdomo ukinuka hivyo hivyo. Nenda."

Nikamjibu, "Wewe hujui mambo ya utawala."

"Sijui utawala. Najua yule mama alivyonitazama wakati anatoka."

Sikwenda.

Jumatatu, kabla ya king'ora, mzee alikuwa mlangoni pa ofisi yangu. Amevaa shati safi. Akaweka mezani funguo za stoo na karatasi aliyoandikiwa na mtu, kwamba anaomba kustaafu kwa hiari.

Hapo nilikuwa nimeshaamka vizuri, kichwa kinauma, na aibu ninayo. Ningesema maneno matano tu angerudi kwenye kazi yake. Badala yake nikamwuliza, "Umefikiria vizuri?"

Akasema, "Mimi nilikuwa nafikiria kabla ya kusema, Ndugu Meneja. Ndiyo kawaida yangu."

Akaondoka. Nikakasirika upya, kana kwamba ndiye aliyenikosea!

Saa nne akaja Alois. Hakukaa nilipomwonyesha kiti.

"Ndugu Meneja, naomba ulifute lile neno la juzi."

"Neno gani?"

"La mimi kuwa msimamizi. Bado sijaiva. Mjomba alikuwa ananiambia miaka mitatu mingine. Na hata ningekuwa nimeiva, siwezi kuichukua kazi yake hivi. Watu hawanisalimii toka juzi."

Wakuu, hapa ndipo ninapopakumbuka kuliko hata ile hotuba. Kijana kaja mwenyewe kunipa njia ya kutokea. Ningemwambia sawa, tukaandika barua, nikapanda gari kumfuata mzee kwao Mkuyuni kumwomba arudi. Ni mwendo wa saa chache tu kwa barabara ile ya Matombo, hata kwenye matope.

Lakini nilikuwa nawaza wale wakubwa wawili wa Dar. Walishamshika Alois mkono, walishanipongeza kwa kupandisha vijana. Nitawaambia nini? Kwamba nilikuwa nimelewa?

Nikamwambia, "Meneja akishatamka ametamka. Nenda kafanye kazi."

Akasema, "Haya." Akashuka.

Kilichofuata nilikuwa nakiona kutoka dirishani kwangu na sikukitia maanani. Wafanyakazi wa zamani walimtenga yule kijana. Walisema kamuuza mjomba wake kwa meneja ili apate cheo. Akitoa agizo wanalifanya nusu. Akikaa kula wanahama meza. Kuna mwanamke wa kufagia, mkwe wa mzee, alikuwa akimwona anatema mate pembeni.

Hakuja tena kunilalamikia. Angeniambia nini?

Sasa niwaeleze mashine kidogo, muelewe. Mbegu zilikuwa zinasukumwa mpaka kwenye mashine ya kukamua na parafujo kubwa la chuma linalozunguka, refu kama vyumba viwili, limelala ndani ya mfereji. Mbegu zikiwa na unyevu zinaganda, parafujo linakwama, inabidi mtu azime, aingize mkono azikwangue. Swichi yenyewe iko upande wa pili wa ukuta, huko huoni nani yuko kwenye mfereji.

Mzee Kibwana alikuwa na sheria moja. Hakuna mkono unaingia mpaka mtu mwingine asimame kwenye swichi, na mtu huyo haondoki hata akiitwa na meneja. Sheria haikuandikwa popote. Ilikuwa ni yeye tu.

Alois aliijua. Lakini kumweka mtu kwenye swichi lazima umwombe, na yule kijana alikuwa amechoka kuomba watu ambao hawamjibu. Akawa anazima mwenyewe, anazunguka, anakwangua haraka haraka, anarudi kuwasha mwenyewe. Alifanya hivyo Januari nzima.

Februari, asubuhi ya mvua, mbegu zikaganda. Akazima, akazunguka, akaingiza mkono.

Upande wa pili akapita mwendeshaji mmoja, akakuta mashine imezimwa. Wala hakuwa na nia mbaya, na mpaka leo namwamini. Hakujua. Kwa wiki saba hapakuwa na mtu anayemwambia mwenzake kitu mle ndani. Akawasha.

Nilisikia sauti nikiwa ofisini juu. Sitaieleza.

Mkono wa kulia ulikatika juu ya kiwiko. Tulimbeba kwenye gari langu, akiwa na fahamu zake, na njia nzima alikuwa akirudia, "Msimwambie mama. Msimwambie mama." Mama yake alikuwa Mgeta, na huko ni kupanda lori la kabichi halafu mguu. Tulimtumia habari, akafika siku ya tatu.

Siku ya nne nilikwenda hospitali na machungwa kwenye mfuko. Kwenye korido nikamkuta Mzee Kibwana, amekaa kwenye benchi, kanzu imelowa pindoni, viatu vimejaa udongo. Alikuwa ametoka Mkuyuni alfajiri.

Nikasema, "Shikamoo mzee."

Akajibu, "Marahaba. Umekuja kumwona, au umekuja kuonekana?"

Nikakaa pembeni yake. Nikamwambia nimemkosea, nikaanza kueleza, pombe, wageni, makao makuu. Akanyanyua mkono nikanyamaza.

"Mimi ulinipotezea siku moja. Nililia nyumbani, mke wangu akanipa chai, nikaenda shamba. Yamekwisha. Huyu je? Huyu utamwambia alikosa nini?"

Akasimama akaingia wodini. Mimi sikuingia. Machungwa nikamwachia nesi.

Mnaosoma mnaweza kudhani basi hapo nilijirekebisha. Hapana. Kibaya zaidi kilikuwa bado.

Makao makuu walileta watu wa kuchunguza. Mimi walinihoji kwa muda wa saa moja. Waliuliza kuhusu mashine, swichi, mafunzo ya kijana. Hakuna aliyeuliza kuhusu sherehe. Mmoja wao alikuwa ni yule aliyepiga meza kwa kucheka.

Taarifa ya meneja niliandika mwenyewe kwa mkono, ikapigwa chapa, nikasaini. Ilisema msimamizi Ndugu Alois alikiuka utaratibu wa usalama anaoufahamu, na ajali ilitokana na uzembe wake binafsi.

Uzembe wake binafsi. Ni maneno yangu hayo.

Kwa taarifa hiyo akaachishwa kazi. Mwaka uliofuata mimi nikapewa uhamisho kwenda kiwanda kikubwa zaidi. Niliagwa kwa sherehe, nikasifiwa kwa kujali vijana.

Tangu hapo sikuonja pombe tena na sikuwahi tena kutania mtu mbele ya wenzake. Lakini hayo nilijifanyia mimi. Hayakumsaidia mtu yeyote kule Morogoro. Mzee Kibwana alifariki kabla sijarudi.

Nilirudi baada ya kustaafu. Mke wangu ndiye aliyenisukuma, akiwa tayari mgonjwa. "Nenda ukamwambie. Usimwombe kitu, mwambie tu."

Nikapanda Mgeta. Gari iliniacha sokoni, nikauliza, nikaelekezwa kwenye njia ya miguu, matuta ya karoti na kabichi yamening'inia huku na huku. Nilipumzika mara nyingi.

Alois alikuwa uani anafunga fito za uzio kwa mkono mmoja na meno. Nywele zimeshakuwa nyeupe. Alinitambua mara moja.

Na alifurahi, wakuu! Hiyo ndiyo iliyoniua. "Ndugu Meneja! Mama fulani, njoo uone mgeni!" Mkewe akaleta ugali na mboga za njegere, akaniamkia kwa kupiga magoti. Alois akamwambia, "Huyu ndiye aliyenibeba kwenye gari lake ile siku. Damu ilijaa kwenye viti na hakusema kitu." Kumbe miaka yote hiyo kule nyumbani kwake mimi nilikuwa mtu mwema.

Mkewe alipotoka nikamwambia. Nikaanza na sherehe, akatikisa kichwa. "Hayo ni ya ujana, yalishapita."

Nikamwambia kuhusu taarifa. Hakuwa anajua. Alikuwa ameambiwa tu kwamba mtu asiye na mkono hawezi kubaki kiwandani, akakubali. Hakuwahi kujua kwamba kuna karatasi inasema alijikata mwenyewe kwa uzembe, na kwamba aliyeiandika ni mimi.

Kuku walikuwa wanapita kati yetu. Akauliza swali moja: "Uliandika wakati bado niko wodini?"

Nikasema, ndiyo.

Akatikisa kichwa polepole kama mtu anayepiga hesabu. Kisha akasimama, akaninyooshea ule mkono wa kushoto kuelekea njiani.

"Nenda sasa," akasema, bila kupandisha sauti. "Nenda kabla wanangu hawajarudi kutoka shamba. Wao wanajua ilikuwa ajali."

Nikashuka ule mlima peke yangu.

Wakuu, wengine mna vyeo sasa, na huu ndiyo msimu wenyewe wa sherehe. Ukiwa bosi, kwenye party huna utani. Wewe unadhani umevua koti la kazi, lakini walio mbele yako wanaliona bado. Wakicheka, usidhani wamecheka kwa sababu inachekesha. Usimpandishe mtu cheo ukiwa na glasi mkononi, na usimshushe. Na ukiharibu, irekebishe Jumatatu asubuhi, hata kama itabidi useme mbele ya wote kwamba ulikuwa umelewa. Mimi aibu ya dakika kumi niliikimbia, na hadi leo sijafika kokote.

Binti yangu nitamtumia link ya huu uzi kesho asubuhi. Sijui ataniona vipi baada ya hapo.

Haya, ukumbi ni wenu. Anayetaka kunisema aniseme, nimejiandaa. Na kama kuna aliyewahi kuchekwa na kantini nzima kwa neno la bosi, aandike hapa alichotamani kuambiwa Jumatatu yake. Nitasoma kila moja.